Siku Niliungama Githeri ya Shule ya Masista

Haya, sogeeni, sogeeni karibu, na wewe hapo wacha kubonyeza simu kwanza, leo ndio nawaambia ile kitu mmekuwa mkiniuliza kila siku na mimi nahepa, ile ya shule ya masista, na nikianza mtu asinikate. Aibu nilipata hiyo siku, jameni, ingekuwa ni mvua, Mukurweini yote ingevuna kahawa mara mbili na ingine ibaki ya kulisha mbuzi. Mimi niliingia hiyo shule nikiwa mtu mrefu, nikatoka nikiwa mfupi. Ata leo nikiona pazia mahali, ata kama ni ile ya hoteli ya kuzuia nzi, naanza kutokwa na jasho ya shingo.

Lakini lazima mjue kwanza mimi ni mtu wa aina gani, juu kuna wengine hapa ni wageni. Mimi nauza gambuti, zile viatu ndefu za mpira, pale soko ya Gakindu. Shule niliiona kwa dirisha tu nikipeleka maziwa. Lakini Mungu hawezi nyima mtu vitu zote, mimi alininyima kalamu akanipatia koo. Nikisimama pale nikiita, "Gambuti! Gambuti ya kahawa! Gambuti ya matope!" mtu wa ng'ambo ile ingine anaangalia miguu yake. (Mama Wangechi anasema siku moja nilisalimia mtu barabarani ng'ombe yetu ikakataa kutoa maziwa mpaka jioni, lakini huyo mama naye anapenda kuongeza chumvi.) Kunong'ona sijui. Nilijaribu kunong'ona siku ya matanga fulani, ikabidi pasta aanze maombi upya.

Sasa, Wangechi ni msichana wetu, kichwa yake ni wembe, hiyo hakutoa kwangu. Akapita mtihani akaitwa shule ya masista, ya praiveti, ya kulala huko huko, upande wa Nyeri, jina siwezi taja ata mkinipiga. Kahawa ya mama yake na gambuti zangu zikashikana mikono, mtoto akaenda. Na mimi nisiseme uongo, hiyo shule naipenda. Wangechi alikuja nyumbani likizo ya kwanza akiwa mtu mwingine kabisa. Anaomba kabla ya kunywa maji. Ametandika kitanda yake, ametandika yetu, akatandika na ya mbwa. Anabisha mlango ya choo na anajua hakuna mtu. Nikamwambia mama yake, "Hii si shule, hii ni kiwanda ya kutengeneza malaika."

Lakini malaika naye anakula, si ndio? Na hapo ndio maneno ilianzia. Siku moja tukiwa jikoni Wangechi akaanza kutuambia vile wanafunzi wanaona hiyo shule. Ati masomo ni sawa, walimu ni sawa, baridi ya asubuhi huko karibu na mlima ukiosha uso unasahau jina yako lakini ata hiyo ni sawa, shida ni githeri, ile ya mahindi na maharagwe. Ati mahindi yake ukiigonga na kijiko inaruka inaenda meza ya wengine. Ati kuna msichana alimeza moja bila kutafuna, ikamkalia kwa tumbo mpaka likizo. Na chai, unaona chini ya kikombe vile unaona samaki kwa mto. Halafu akacheka akaziba mdomo, akatuambia Sista Mkuu wanafunzi wanamwita Satelaiti, juu hakuna pahali hakuoni, ukitoa peremende kwa karatasi uko chini ya blanketi yeye tayari amejua ni ya rangi gani.

"Lakini Baba," akasema, "hii ni ya jikoni. Isitoke."

"Isitoke iende wapi?" nikamwambia. "Mimi ni kaburi."

(Kaburi! Mama Wangechi alicheka mpaka akamwaga uji.)

Basi siku ya wazazi ikafika. Mama Wangechi alikuwa na zamu ya kahawa kiwandani, akanituma peke yangu, akanivalisha koti ya arusi, akaniambia neno moja tu: "Usipojua kitu, uliza." Nikasema sawa. Lakini nyinyi mnajua mwanamume. Mwanamume akiuliza kitu anahisi ni kama amevua shati.

Nilishuka Ruring'u nikapanda ile njia ya juu na miguu, kapu ya ndizi na parachichi mkononi, na pale kwa geti Wangechi alikuwa ananingoja. Hakunisalimia ata. Alinishika mkono ya koti akanivuta kando ya ua.

"Baba, yale maneno ya jikoni, umeyasahau?"

"Maneno gani?"

"Baba!"

"Si nimesahau? Ndio hiyo nimesahau."

Akaniambia polepole, na nikaona macho yake imejaa maji, ati leo baada ya chakula Sista Mkuu anatoa beji ya kapteni wa dainingi, pale wanakula, na ni yeye ama ni msichana mwingine mmoja, na amengoja hiyo beji tangu aingie hiyo shule, juu kapteni wa dainingi ndiye anaingia mpaka jikoni, ndiye peke yake anaweza kuongea na wapishi. "Mimi nataka kutengeneza hiyo chakula kutoka ndani, Baba, polepole, na adabu. Sista akijua ni mimi nilimsema, nimeisha. Tafadhali, leo usiongee."

Nikamwambia mdomo yangu nimeifunga na kufuli, na funguo nimemeza. Na nilikuwa namaanisha, jameni. Mimi huyo mtoto nampenda.

Sasa ona vile shetani hufanya kazi yake. Nikakaa kwa tenti na wazazi wengine, na mnajua wazazi wakikaa pamoja, kabla chai ipoe washaanza kupima shule. Kuna mama mmoja wa Ruring'u, alikuwa na kofia kubwa unaweza kuanikia maharagwe, yeye alikuwa anasifu tu: ati msichana wake alikuwa anajibu watu kama kondakta, sasa anasema "samahani" ata kwa kuku. Mzee mwingine wa Kenol akasema ndio, nidhamu iko, lakini mbona wake alikuja nyumbani akakula chapati za jirani? Mama wa kofia akainama akasema, "Hata wangu alikonda." Ikawa kama mtu amefungua maji ya bomba. Kila mtu na yake! Na wote wanaongea na sauti ya chini, wanaangalia nyuma kama wezi wa mahindi.

Mwalimu mmoja akapita akatuambia tusijali, ati leo wazazi watasikizwa, kila mtu atapewa nafasi ya kutoa maoni bila kuogopa. Mzee wa Kenol akanigeukia. "Wewe uko na sauti. Wewe ndio utatusemea."

"Mimi? Mimi leo siongei," nikasema.

"Si utaongea tu kidogo?"

"Ata kidogo siongei."

Na sikuongea! Nilikunywa chai (ya wageni hiyo, nzito, ukiweka kijiko inasimama), nikakunywa tena, nikakunywa ingine, na sasa mtu akikunywa chai hivyo lazima aende mahali. Nikaenda. Na vile nilikuwa huko nyuma, mtu akatangaza kitu kwa spika, lakini choo ya masista imejengwa na mawe kama benki, sikusikia neno.

Kurudi, tenti ni nusu. Nikaangalia, nikaona laini. Laini ndefu, inatoka kwa kachumba kadogo kando ya kanisa ya shule, stoo ya kuweka viti, dirisha haina kioo, na kwa mlango wametundika pazia ya zambarau. Mtu anaingia mmoja mmoja, anakaa kidogo, anatoka akiwa ametulia uso, mwingine ata anafuta machozi. Wazazi wako kwa laini, wanafunzi wako kwa laini. Nikajiambia, aah, hiyo ndio ile nafasi ya maoni! Unaingia peke yako, unamwaga yako, unatoka umepoa. Nikaona hii shule imesoma kweli.

Sasa msinicheke. Mimi kanisa yetu ni ya ngoma. Kwetu mtu akiwa na dhambi anasimama mbele ya watu wote, anasema niliiba kuku ya fulani, watu wanapiga makofi, ngoma inalia, kwisha. Kama kuku iko hapo karibu inarudishwa hapo hapo. Mambo ya pazia mimi ningejulia wapi?

Hapo ndio ningeuliza. Neno moja tu. "Hii ni laini ya nini?" Lakini Mkenya akiona laini, yeye huingia kwanza, ndio aulize mbele ni nini inapeanwa. Mimi niliingia na sikuuliza ata nilipofika mbele.

Na ona maajabu: nageuka nyuma, nani amesimama nyuma yangu? Sista Mkuu mwenyewe! Satelaiti! Mrefu, amenyooka, rozari mkononi. Nikashtuka, nikamwambia, "Sista, ata wewe uko kwa hii laini?"

"Hata mimi, Baba Wangechi," akajibu, polepole. "Kila mtu ana yake."

Hapo nikamheshimu sana. Mwenye shule anapanga laini kulalamika juu ya shule yake! Nikasema, kama ata yeye anasema yake, mimi ni nani nisiseme yangu, na ni huko ndani, kwa siri, na sitataja jina ya mtoto. Ile kufuli ya mdomo nikaisikia ikifunguka yenyewe. Ka!

Nikaingia. Ndani kuna kiti mbili na kitambaa katikati, na nyuma ya kitambaa ni Fadha, mzee sana, hata pumzi yake ilikuwa na mvi.

"Karibu, mwanangu. Uko na nini?"

Nikajaribu kunong'ona. "Fadha, niko na mambo."

"Eeh?"

"Niko na mambo, Fadha."

"Ongeza sauti kidogo, mwanangu, hii sikio imezeeka."

Jameni. Kuniambia mimi niongeze sauti! Hiyo ni kama kumwambia mto Sagana ilowe kidogo. Nikakohoa, nikashika magoti, nikafungua koo ya soko.

"FADHA, NIKO NA MAMBO MINGI, SIJUI NIANZE NA GANI!"

"Anza na ile nzito."

"NZITO NI GITHERI!"

Akasogeza kiti. "Uliiba githeri ya mtu?"

"HAPANA FADHA, GITHERI NDIO INANIIBIA MTOTO! AMEKONDA SKETI INAZUNGUKA YENYEWE!"

"Pole. Na hii kitu inafanyika mara ngapi?"

"KILA SIKU, FADHA! ISIPOKUWA JUMAPILI, JUMAPILI NI MCHELE!"

Nikasikia huko nje kama watu wanakohoa. Nikafikiria ni vumbi.

"Na uko peke yako kwa hii mambo," Fadha akauliza, "ama kuna mwingine?"

"NI SISTA MKUU!"

Kiti ya Fadha ikalia kwiii. "Sista Mkuu amefanya nini?"

"HAONJI! ANAONA KILA KITU, PEREMENDE ANAONA, SOKSI ANAONA, LAKINI NDANI YA SUFURIA HAONI! NA WATOTO WANAMWITA SATELAITI!"

"Nani amekuambia hayo?"

Na mimi, mjinga wa wajinga, huku nimepata moto kama niko na wateja kumi mbele yangu, nikajibu, "SI NI WANGECHI WANGU! LAKINI FADHA, USIMWAMBIE MTU, AMENIKATAZA KABISA!"

Nikaongeza ya chai. Nikaongeza ya yule msichana na mahindi yake ya tumbo. Sikuacha kitu, jameni, nilifagia mpaka kona. Nilipomaliza Fadha akauliza kama najuta. Nikamwambia najuta sana, mama yake pia anajuta, tungejua tungempakia njugu. Akaniambia basi niseme Salamu Maria. Nikamwambia hiyo Fadha siijui, mimi ni wa kanisa ya ngoma.

Hapo kitambaa ikaanza kutingika. Nikafikiria mzee amepatwa na kifafa, kumbe ni kicheko. Akachungulia kwa pembeni, machozi inashuka kwa mashavu. "Mzee wangu," akasema, "hapa ni mahali pa kuungama dhambi. Maoni ya wazazi ni kwa ukumbi, baada ya chakula."

Damu yote ikashuka ikaenda kwa viatu. "Na mimi nimefanya nini sasa?"

"Wewe umeungama dhambi za wapishi."

Nikashika kile kitambaa na mikono mbili. "Fadha, usimwambie Sista! Mtoto wangu leo anangoja beji!"

"Mimi? Yale yamesemwa hapa ata wanichinje siwezi sema. Hii ni siri yangu na wewe na Mungu."

Oyaa, moyo ikarudi mahali yake! Nikamshukuru, nikapanguza uso, nikafunga koti, nikapiga pazia kando nikatoka nikitabasamu kama bwana arusi.

Watu wote wamesimama.

Tenti yote imehama imekuja kwa ile dirisha haina kioo. Mama wa kofia amekula kofia, nusu iko mdomoni ndio asicheke. Mzee wa Kenol ameshika mti. Wapishi wametoka jikoni na miiko mkononi, mmoja amenitazama kama kuku ya Krismasi. Wasichana wote wamejipanga kwa veranda, wameziba midomo na sweta, na katikati yao Wangechi wangu. Yeye hakuwa ameziba mdomo. Alikuwa ameziba uso mzima.

Na mbele yangu kabisa, ile laini ikiwa bado ni laini, ni Sista Mkuu.

Nikaona mkono yake ikiingia kwa mfuko, ikatoa beji. Ndogo, ya bluu, inang'aa. Akaiangalia. Akaangalia Wangechi. Akairudisha kwa mfuko.

Nyinyi mnajua kuna aibu unacheka na kuna aibu inakushika hapa chini ya mbavu. Hiyo ilinishika. Sijali watu kunicheka, mimi nachekwa kila siku ya soko, lakini kuona mtoto wako akipoteza kitu yake juu ya mdomo yako, hapana. Nikasema (na hapo ndio nilijaribu tena kunong'ona, na ikasikika mpaka kwa geti), "Sista, mtoto hana makosa. Mimi ndio niliongeza. Mimi kila kitu naongeza."

Wangechi akashusha mikono. Akatoka kwa veranda, akatembea mpaka mbele, akasimama kando yangu. "Hakuongeza, Sista," akasema. "Isipokuwa ile ya mahindi kukaa tumboni mpaka likizo. Hiyo niliongeza mimi."

Sista akageukia wapishi. "Nileteeni githeri ya leo. Ya wasichana, si ya wageni."

Ikaletwa kwa sahani ya bati. Sista akafanya ishara ya msalaba, akachota kijiko moja, akaweka mdomoni. Akatafuna. Tukangoja. Akatafuna. Ndege ikapita juu, ikaenda, yeye bado anatafuna. Akahamisha upande wa kushoto. Akarudisha kulia. Wasichana shingo zao zinaenda na taya yake, kushoto, kulia. Mwishowe akafunga macho akameza, na nyinyi mungesikia hiyo kitu ikishuka, ilikuwa kama mtu anateremsha jiwe kisimani. Akaomba maji.

"Sisi masista tunakula nyumba ile ingine," akasema, na huruma kidogo. Halafu akaingiza mkono kwa mfuko, akatoa ile beji, akainama akamfunga Wangechi kwa sweta, akamwambia na sauti ya kila mtu asikie, "Satelaiti moja haitoshi shule kubwa kama hii. Kuanzia leo tuko wawili. Mimi nitaangalia blanketi, wewe utaangalia sufuria."

Wacha wasichana walipuke! Waliruka mpaka veranda ikatoa vumbi, mama wa kofia akatupa kofia juu ikashikwa na mti, na wale wapishi ata wao wakacheka, isipokuwa yule mmoja, huyo mpaka leo tukikutana ananitolea macho. Wangechi akanikumbatia kwa nguvu, akaniambia kwa sikio, "Baba, mwaka ujao nitumie Mama."

Na mimi naapa mbele yenu nyote, tangu siku hiyo laini siingii bila kuuliza. Ata ya kununua mkate nauliza. Ata ya maji nauliza. Juzi nilikuta watu wamepanga laini hospitali, nikawauliza mpaka daktari akatoka nje.

Lakini hiyo siku haikuishia hapo, juu Fadha maskini alikuwa bado ndani ya stoo, hajui ni nini inaendelea, na kelele ilipopoa kidogo tukasikia sauti yake nyuma ya pazia ikiita, "Aingie mwingine!" Na shosho mmoja mzee aliyekuwa kwa laini, mkongojo mkononi, amecheka mpaka kitambaa ya kichwa imeanguka, akamjibu kwa nguvu: "Ngojea kidogo, Fadha! Nimecheka mpaka dhambi zenyewe nimezisahau!"